Shajara ya mradi: Land Rover 109 ya 1978 na mwenzake wa 2012

Januari: kuvua bodi

Gari la mradi ni Land Rover Series III 109 la mwaka 1978, injini ya petroli ya cc 2286. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu mita 2.77. Lilifanya kazi za miradi ya maji upande wa Monduli miaka mingi, likauzwa mnadani, likasimama chini ya mgunga mpaka nilipolipakia kwenye lori kuja Arusha. Nataka lirudi barabarani kubeba watu na mizigo. Maonyesho siyataki.

Nyumbani kuna gari la pili: dogo, otomatiki, mtumba wa Japani wa 2012. Nalo litaingia humu, maana linatengenezwa uani hapohapo na mafundi walewale. Kila nikipita gereji nasikia kauli moja, kwamba magari ya zamani yalikuwa imara na haya ya sasa ni plastiki tupu. Land Rover hii naipenda kwa moyo wote, lakini kauli hiyo inachanganya mambo mawili: gari kudumu, na gari kutengenezeka. Naandika ili niyatenganishe, kazi baada ya kazi.

Bodi imevuliwa kwa spana. Madigadi, milango, paa, sakafu, kila kipande kimefungwa kwa boliti, na zile zilizogoma kwa kutu tumezikata kwa grainda. Paa tulilinyanyua watu wanne tukalilaza juu ya matairi. Mjomba, ambaye aliendesha magari ya aina hii enzi za utumishi wake, alisimama pembeni akitaja kila boliti ilipojificha kabla hatujaifikia.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati chuma Uingereza kilikuwa bado cha mgao. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, na wenzake wakachagua bodi ya aloi ya alumini. Ndipo lilipotoka lile neno kwamba Land Rover haili kutu. Kutu nyekundu haili kweli, lakini alumini ikigusana na chuma penye unyevu, inayoliwa ni alumini. Kila penye boliti ya chuma tumekuta unga mweupe. Ukiukwangua kwa bisibisi unabaki unatazama tundu. Wakati wa kurudishia, kila kiungo cha metali hizo mbili kitawekewa ukanda wa mpira wa tyubu ya lori katikati.

Februari: chesisi

Hapa sifa za uimara zilipata pigo. Fundi wa kuchomelea alipita na nyundo ndogo akigonga chesisi yote, mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinaitika kama gogo bichi. Boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia tela, nyundo ilizama ndani. Mikono ya pembeni inayoshikilia bodi, miwili imekwisha. Kwa nje rangi ilikuwa bado ipo, hata inang'aa mahali pengine. Tope liliingia kupitia matundu ya kutolea maji, likakaa humo miaka na miaka, likashika unyevu, na kutu ikala chuma kutoka ndani kuja nje.

Chesisi hii ilitoka kiwandani na rangi tu. Magari mengi ya siku hizi bodi zake ni za bati lililopakwa zinki, kisha bodi nzima huzamishwa kwenye birika la rangi na kupitishiwa umeme ili rangi iingie hata kwenye vichochoro ambavyo brashi haifiki. Nimelala chini ya gari dogo na tochi: kutu ipo kwenye vichwa vya boliti na kwenye bomba la moshi, basi. Kwa kudumu, hapa la 2012 limeshinda, tena kwa mbali. Na tukumbuke kwamba Land Rover tunazoziona barabarani leo ni zile zilizobaki. Zilizooza zilishakatwa zikauzwa chuma chakavu, hazipo kutoa ushahidi.

Sasa upande wa kutengenezeka. Chesisi ya 109 ni mabamba bapa ya chuma ya milimita 2 yaliyochomelewa yakawa boksi. Hakuna kipande kilichokandamizwa kwa mashine kubwa kikapata umbo la ajabu. Kabla ya kukata chochote tulifunga kamba mkingamo, kona hadi kona, tukaandika vipimo ili chesisi isije ikapinda wakati wa moto. Fundi akakata boriti mpya kwa bamba la milimita 3, akaishikiza kwa nukta nne, tukapima tena kwa kamba, ndipo akamalizia. Kazi imefanyika uani, chini ya turubai, kwa mashine ya kuchomelea ya kawaida, na boriti hiyo ni nene kuliko bamba la kiwandani.

Gari dogo halina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo kiunzi. Magari mengi ya rika lake yana nguzo za chuma kigumu mno ambacho ugumu wake unatokana na jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Ukikichomelea, pale moto ulipopita ugumu unapotea. Ndiyo maana viwanda vinaagiza kipande kizima kibadilishwe. Huku kwetu nguzo hizo zinakatwa na kuungwa kila siku, zinapakwa rangi, na mnunuzi haoni kitu. Hilo linanitia hofu kuliko kutu yote ya Land Rover, kwa sababu kutu hii niliikuta kwa nyundo.

Machi: injini

Tulipima mgandamizo: silinda tatu zilikaribiana, ya nne iko chini. Silinda hedi ilipotoka, sababu ikawa wazi: valvu ya kutolea moshi imeungua ukingoni. Valvu zilisagwa upya, kisha tukageuza hedi, tukajaza petroli kidogo kwenye kila chumba na kusubiri. Petroli ikivuja kupitia valvu, usagaji haujakamilika. Chumba cha nne kilivuja mara ya kwanza, kikasagwa tena, kikashika.

Silinda zenyewe zina ukingo juu, pale ringi ya pistoni inapogeukia. Ukipitisha ukucha unakwama. Maana yake ukuta chini ya pale umeliwa. Blok imekwenda kwa mzee mwenye mashine ya kuchonga silinda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ya Landrova?" Alipitisha kidole, akaleta geji yake, akapima juu, katikati na chini. "Inataka ishirini. Halafu ina nafasi ya kuchongwa tena, hata wajukuu zako wataichonga."

Ishirini ni sehemu ishirini kati ya elfu moja za inchi, yaani inchi 0.020. Pistoni za injini hii hutolewa za kawaida na za kuongeza 0.010, 0.020, 0.030 na 0.040. Blok ni ya chuma cha kalibu, nene, na waliochora walijua tangu mwanzo kwamba itachongwa. Nilimwonyesha mzee blok ndogo ya alumini iliyokuwa imeegeshwa ukutani. Akatikisa kichwa. "Hizo wananiletea kila wiki. Slivu nyembamba, pistoni ya saizi ya juu hamna. Nawaambia nendeni mkatafute injini nyingine."

Ni kweli, na inauma. Lakini swali la haki ni: injini ile ndogo ilikwenda kilomita ngapi kabla ya kufika pale ukutani? Magari mengi ya kisasa yaliyobadilishiwa oili kwa wakati hupita kilomita 200,000 bila hedi kufunguliwa. Injini kama ya Land Rover yangu, kwenye vumbi, kufanyiwa oveholi kabla ya nusu ya hapo lilikuwa jambo la kawaida. Sababu zinajulikana. Kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, hasa asubuhi choki ikivutwa, inamwaga petroli nyingi kuliko inavyoungua. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinakwaruza chuma kikavu. Sindano za petroli zinazoongozwa na kompyuta zimeondoa hilo. Oili za leo ni bora, vichujio ni bora, uchongaji wa kiwandani ni wa kipimo cha karibu zaidi. Hata petroli imesaidia: ile yenye risasi, iliyoondoka nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia 2006, ilichafua plagi na kuitia oili asidi. Leo plagi ya iridiamu inaweza kufika kilomita 100,000. Plagi za 109 nazitoa kuzisafisha kila mara.

Kwa hiyo ya zamani inachoka mapema, inafufuka mara nyingi. Ya kisasa inachoka kwa kuchelewa, na ikichoka imechoka.

Aprili: taa ya injini kwenye gari dogo

Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Gari linatembea kama kawaida, ila likiwa limesimama na injini inaunguruma, linatetemeka kidogo. Gereji ya kwanza ilichomeka kisomaji, ikapata msimbo P0171, ikasema sensa ya oksijeni imekufa na bei ikatajwa papo hapo. Nikamwomba shemeji aje na kisomaji chake.

P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa petroli iliyopo. Sensa imefanya kazi yake, imetoa taarifa. Shemeji alifungua ukurasa wa takwimu za moja kwa moja, tukatazama ni petroli kiasi gani kompyuta inaongeza kufidia. Injini ikiunguruma tu, nyongeza ilikuwa kubwa. Ukikanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, nyongeza inashuka. Hiyo ni dalili ya hewa inayoingia kwa mlango wa wizi: tundu ni lilelile, lakini injini ikivuta hewa nyingi, hewa ya wizi inakuwa sehemu ndogo ya yote. Tukapitisha mkono nyuma ya manifoldi, tukakuta bomba la mpira, nene kama kidole, linalorudisha mvuke wa chini ya injini. Lilikuwa limekauka na kupasuka upande usioonekana. Bomba jipya lilipatikana mjini kwa bei ya chakula cha mchana. Taa ikafutwa, haijarudi.

Nina mawili ya kusema hapa. Kwanza, kompyuta ilikuwa inafidia ufa ule muda mrefu kabla ya kuwasha taa, na sisi tukaendelea kwenda kazini. Hicho ni kipaji cha gari la kisasa, na sehemu ya uimara wake inatoka hapo. Pili, tumeweza kutengeneza kwa sababu lugha ile ya misimbo ni ya wote. Haikuwa hisani ya viwanda. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa uchunguzi, OBD-II, kwa magari yote madogo kuanzia modeli za 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Kisomaji cha bei ndogo kilichoko mfukoni mwa shemeji ni tunda la sheria hizo. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha kwa kura nyingi sana sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa nje taarifa zilezile wanazopewa mawakala.

Kinyume chake nilikipata wiki hiyohiyo nilipotaka ufunguo wa akiba. Ufunguo una chipu, chipu inatambuliwa na kompyuta, na kompyuta haikubali chipu mpya bila mashine yenye ruhusa. Chuma cha ufunguo kinakatwa barabarani kwa dakika chache, mlango unafunguka, injini inakataa. Hapo hakuna kilichoharibika. Kuna kufuli tu, na mwenye kufuli hayupo Arusha. Naelewa kwamba kufuli hilo limepunguza wizi. Ila kufuli za namna hiyo sasa zinawekwa hata kwenye vitu visivyoibwa, mpaka taa ya mbele inataka kuandikishwa kwenye kompyuta ikibadilishwa. Ukiniuliza kinachoua utengenezaji wa magari mapya, sitataja umeme. Vijana wetu wanaoujua umeme ni wengi, nao wanaweza.

Juni: hab na breki

Beringi za magurudumu ya Land Rover ni za roli zilizochongoka, mbili kila hab, yaani kitovu cha gurudumu. Tumezitoa, tumeziosha kwa mafuta ya taa, tumezizungusha karibu na sikio, tukabadilisha moja iliyokuwa na alama za kutu, tukazijaza grisi na kukaza nati mpaka gurudumu linazunguka bila kucheza. Kazi hii inarudiwa maisha yote ya gari. Kwenye gari dogo beringi na hab ni kitu kimoja kilichozibwa, hakuna grisi ya kuongeza wala nati ya kurekebisha. Kinakwenda miaka bila kuguswa, kikianza kuvuma kinatupwa. Kwa mama anayepeleka watoto shule na hana fundi wa karibu, hicho kilichozibwa ni bora, nasema bila kusita. Kwa gari litakalovuka makorongo kwenda Loliondo, nataka kile ninachoweza kukifungua kando ya njia.

Breki za 109 ni dramu pande zote nne, na mipira ya silinda zote imebadilishwa. Hazina ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki ghafla, gari halina mifuko ya hewa, na usukani uko karibu na kifua kuliko ninavyopenda. Wapo wanaosema "chuma kinene kitakulinda." Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayopima usalama wa magari kwa niaba ya kampuni za bima, iliigonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009. Kabini ya Bel Air ilikunjika juu ya mwanasesere wa dereva. Ile ya Malibu ilibaki na umbo lake. Gari jipya linakunjika mbele kwa makusudi ili abiria asikunjike. Watoto wangu hawatapanda 109 kwenda safari ndefu ya barabara kuu mpaka mikanda ya kisasa ifungwe viti vyote, na hata hapo nitakwenda polepole.

Julai: kuwasha

Injini imerudi, oili mpya, maji, betri. Kabla ya kutumia stata tuliizungusha kwa hendeli, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine vinne, ili hendeli ikirudi kwa nguvu isikivunje. Oili ilipofika juu tukaweka plagi. Pointi za distributa, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, zimewekwa pengo la milimita 0.4. Stata ikashika, injini ikawaka. Mjomba alipiga makofi peke yake.

Kisha ikaanza kuunguruma kwa kusitasita, harufu ya petroli ikajaa uani, na plagi zikatoka nyeusi tii. Mchanganyiko una petroli nyingi. Ni ugonjwa uleule wa Aprili, umegeuka upande tu, na safari hii hakuna msimbo: kuna pua, kuna rangi ya plagi. Kifuniko cha juu cha kabureta tulikilaza kwenye kioo cha dirisha, tukakiona kinacheza. Kimepinda kwa miaka ya joto na kukazwa kupita kiasi, kwa hiyo petroli inapenya pale mpira mdogo wa duara unapotakiwa kuziba. Tukagundisha msasa laini kwenye kioo, tukakisugua kwa mwendo wa nane, tukifuta na kutazama, mpaka alama za msasa zikaenea uso wote. Mpira mpya, boliti zikakazwa kwa mpangilio wa msalaba, injini ikatulia.

Nimeyaweka matengenezo haya mawili ubaoni pale gereji kuwaonyesha vijana wanaojifunza. Walikuwa wanaamini kuna mafundi wa magari ya zamani na mafundi wa kompyuta, watu wawili tofauti. Wote wanatafuta kitu kimoja, uwiano wa hewa na petroli.

Agosti: barabarani

Tumekwenda Monduli na kurudi. Kilomita 80 kwa saa inatosha kabisa, kelele inazidi hapo. Inakula lita moja kwa kilomita kama 6. Gari dogo linakwenda zaidi ya mara mbili ya hapo kwa lita hiyohiyo. Land Rover haijachemsha. Difu ya nyuma inavuja kidogo kwenye sili, itafunguliwa.

Sina budi kuandika na hili kuhusu spea, maana kutengenezeka bila spea ni hadithi. Vifaa vya 109 vinapatikana, Nairobi kule Kirinyaga Road, Dar pia, na hata hapa Arusha kwa wanaovunja magari. Tatizo ni ubora. Kondensa mpya za distributa zinakufa baada ya muda mfupi, roto zinapasuka, mipira ya breki ya bei rahisi inavimba. Tumejifunza kuchukua kondensa kongwe kutoka magari yaliyovunjwa, kuzipima, na kuweka mbili akiba kwenye boksi la spana. Gari lililochorwa litengenezwe milele linaweza kuuawa na spea mbovu.

Kazi zilizobaki: waya zote za umeme zibadilishwe, maana zile za zamani zimekauka na zinavunjika zikikunjwa; sili ya difu; mikanda ya viti; na silinda kuu ya breki yenye njia mbili, ili bomba moja likipasuka zibaki breki za ekseli nyingine. Hiyo ya breki ndiyo itakayotangulia. Nimeshaagiza, na mpaka ifike gari halitoki nje ya mji.